Chembe nyeupe za damu zikipungua: kusoma majibu, kutafuta chanzo na kupata tiba

Asubuhi moja mama anayeuza nyanya katika soko la Kibuye, hapa Kisumu, alinijia akiwa na karatasi ya maabara aliyoikunja mara nne. Alikuwa amepimwa damu kwa sababu ya maumivu ya kichwa yaliyomsumbua kwa siku nne. Vijidudu vya malaria havikuonekana, lakini mbele ya herufi WBC, yaani chembe nyeupe za damu, palikuwa na nambari 3.2 na mshale unaoelekea chini. "Sista, damu yangu inaisha?" aliniuliza kabla hata ya kuketi. Jioni iliyotangulia alikuwa ameshauriwa dukani anunue chupa mbili za dawa ya maji ya kuongeza kinga, akatoa fedha alizokuwa ametenga kwa nyanya za juma lile. Nilimwambia, "Keti kwanza, mama, tuisome pamoja." Tulipomaliza kuisoma ilikuwa dhahiri kwamba zile chupa mbili hazikuwa na kazi yoyote mwilini mwake.

Ninaandika mwongozo huu kwa ajili yake na kwa ajili ya jamaa wanaowauguza wagonjwa wa saratani nyumbani, kwa sababu katika kazi yangu ya uuguzi nimeona makosa mawili yakirudiwa kila mara. Mtu mzima wa afya hutishwa na nambari isiyo na madhara, akamaliza akiba yake kwa dawa asizozihitaji. Na mgonjwa aliye hatarini kweli hulala na homa nyumbani akingoja kupambazuke. Kosa la pili huua, nalo nitalirudia kwa kirefu.

Anza na karatasi yenyewe

Damu ina chembe nyekundu zinazobeba oksijeni, chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, na chembe nyeupe zinazopambana na vijidudu. Chembe nyeupe nazo ni za aina tano, na karatasi nyingi za maabara huonyesha kwanza jumla yake, kisha asilimia ya kila aina. Aina mbili ndizo zenye uzito zaidi katika suala hili. Nyutrofili ndizo zinazofika kwanza mahali palipoingiliwa na bakteria au kuvu, na usaha unaouona kwenye jipu kwa sehemu kubwa ni nyutrofili zilizokufa zikiwa kazini. Limfosaiti hushughulika zaidi na virusi na kutengeneza kingamwili, na miongoni mwake zimo zile chembe za CD4 ambazo virusi vya ukimwi huzishambulia. Uboho ulio ndani ya mifupa hutengeneza nyutrofili zipatazo bilioni 100 kila siku, na kila moja hukaa katika mzunguko wa damu kwa muda wa siku moja hivi au pungufu. Ndiyo maana uboho ukisimama kazi nambari hii huporomoka katika siku chache tu, na ndiyo maana pia hupanda upesi chanzo kikiondoka.

Maabara nyingi huandika kwamba kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni kati ya 4.0 na 11.0, maana yake chembe 4,000 hadi 11,000 katika kila mikrolita ya damu, ambayo ni tone linalokaribia ukubwa wa kichwa cha pini. Watoto wadogo wana viwango vyao, ambavyo huwa juu zaidi na vyenye limfosaiti nyingi, kwa hiyo karatasi ya mtoto isisomwe kwa kipimo cha mtu mzima.

Jumla peke yake haitoshi. Ichukue, izidishe kwa asilimia ya nyutrofili, kisha gawanya kwa 100. Mama wa Kibuye alikuwa na jumla ya 3.2 na nyutrofili asilimia 36. Tulitumia kikokotoo cha simu yake tukapata 1.152, yaani nyutrofili 1,152 katika kila mikrolita. Mashine nyingine hukufanyia hesabu hiyo na kuiandika kwenye mstari wake. Vitabu vya tiba huhesabu kwamba nyutrofili zimepungua zikiwa chini ya 1,500: kati ya 1,000 na 1,500 upungufu ni mdogo, kati ya 500 na 1,000 ni wa wastani, na chini ya 500 ni mkali. Hatari ya maambukizi huanza kuonekana chini ya 1,000, na chini ya 500 hupanda sana, hasa hali hiyo ikidumu zaidi ya juma moja.

Kisha hakikisha kwamba nambari ni ya kweli. Damu ya kipimo hiki hutiwa katika chupa ndogo yenye kifuniko cha zambarau, ambayo ndani yake mna dawa ya kuzuia kuganda, na anayetoa damu anapaswa kuigeuzageuza taratibu mara kadhaa. Asipofanya hivyo, damu huganda kidogo na mashine huhesabu chembe pungufu. Chupa ikikaa muda mrefu kwenye joto, kwa mfano ikisafirishwa kutoka zahanati ya mbali hadi maabara ya mjini, chembe nyeupe huharibika njiani. Kwa hiyo mtu asiye na homa wala dalili nyingine, ambaye upungufu wake ni mdogo na ambaye hatumii dawa nzito, arudie kipimo baada ya majuma mawili hadi manne, na aombe damu yake itandazwe kwenye kioo na kutazamwa kwa hadubini. Jicho la mtaalamu wa maabara aliyezoea kazi huona mambo ambayo mashine haiyasemi: chembe changa za saratani ya damu, nyutrofili ambazo kiini chake kimegawanyika kupita kiasi kwa ukosefu wa vitamini, au vijidudu vya malaria vilivyokosekana mara ya kwanza.

Nambari ya chini isiyo ugonjwa

Hapa ningependa kila msomaji wa Kisumu, Siaya, Kakamega na Nakuru asome polepole. Viwango vilivyochapishwa kwenye karatasi nyingi za maabara asili yake ni damu za watu wa Ulaya na Marekani. Watafiti walipopima damu za watu wenye afya njema huko Kericho na katika eneo letu la Kisumu, walikuta nyutrofili zilizo chini ya viwango hivyo vya kigeni, na watu wazima kabisa wangeandikwa kuwa wagonjwa kama wangehukumiwa kwavyo.

Sababu yake inajulikana. Watu wengi wa Afrika kusini mwa Sahara tumerithi badiliko la jeni linalozifanya chembe nyekundu zikose alama iitwayo Duffy. Alama hiyo ndiyo mlango unaotumiwa na aina moja ya kijidudu cha malaria, Plasmodium vivax, kuingia ndani ya chembe nyekundu, kwa hiyo kuikosa ni kinga tuliyoachiwa na mababu. Badiliko hilohilo hupunguza nyutrofili zinazoonekana kwenye damu, ingawa uboho ni mzima na nyutrofili hufika kwenye tishu zinapohitajika. Mtu wa namna hii anaweza kuwa na nyutrofili 1,100 maisha yake yote na asiugue zaidi ya jirani yake mwenye 4,000. Hahitaji kidonge wala sindano.

Unaweza kuamini kwamba hali yako ni hii ikiwa nambari imebaki palepale katika vipimo viwili au vitatu vilivyoachana kwa majuma au miezi. Ikiwa chembe nyekundu na chembe sahani ziko sawa. Ikiwa huna historia ya majipu, nimonia au vidonda vya mdomo vinavyorudi kila mara. Ikiwa bandama na matezi havijavimba, hukonda bila sababu, kipimo cha virusi vya ukimwi hakina virusi, na hutumii dawa inayojulikana kushusha chembe nyeupe. Kipo kipimo cha kundi la damu la Duffy, lakini wengi hawakihitaji, kwa sababu karatasi za zamani husema vilevile. Yule mama alirudi baada ya majuma matatu akiwa na jumla ya 3.4 na nyutrofili asilimia 35, yaani 1,190, pamoja na karatasi ya miaka sita iliyopita, alipopimwa kabla ya kuajiriwa kazi fulani, ambayo nayo ilionyesha jumla ya 3.3. Kichwa kilikuwa kimepona siku nyingi.

Kujua kiwango chako cha kawaida kuna faida nyingine isiyotajwa mara nyingi. Mgonjwa wa saratani ambaye tangu zamani ana nyutrofili 1,300 anaweza kuahirishiwa dozi au kupunguziwa dawa kwa kudhaniwa kwamba uboho wake umechoka, na saratani ikapata nafasi ya kukua. Basi kabla ya dozi ya kwanza, omba kipimo cha damu kiandikwe wazi kwenye faili, na ukiwa na karatasi za miaka iliyopita zipeleke kwa daktari.

Chanzo hutafutwa vipi

Kabla ya kwenda kliniki, weka kwenye mfuko mmoja dawa zote unazotumia, pamoja na za kienyeji, za kuongeza nguvu, na zile ulizomaliza mwezi uliopita. Andika tarehe homa au udhaifu ulipoanza. Muuguzi au daktari mwenye subira hupata chanzo kwenye mfuko huo na katika mazungumzo hayo mara nyingi kuliko katika mashine.

Maambukizi ndiyo chanzo cha kawaida kabisa. Mafua makali, surua, homa ya dengue na homa ya ini hushusha chembe nyeupe kwa siku chache au majuma machache, kisha zikapanda zenyewe. Malaria nayo huweza kuzishusha, na zikarudi baada ya mgonjwa kumaliza dozi yake. Homa ya matumbo nayo huweza kuzishusha, tofauti na maambukizi mengine ya bakteria ambayo kwa kawaida huzipandisha. Hata hivyo, kipimo cha Widal kinachofanywa katika vibanda vingi vya maabara hakitegemeki, na watu wengi wametibiwa homa ya matumbo ambayo hawakuwa nayo. Kipimo cha kuotesha vijidudu vya damu ndicho cha kuaminiwa zaidi. Ugonjwa wa brusela, unaotokana na maziwa yasiyochemshwa au kugusa mnyama aliyeharibu mimba, na kifua kikuu kilichosambaa mwilini, vichunguzwe kwa mtu mwenye homa ya majuma mengi na jasho la usiku.

Virusi vya ukimwi vipimwe kwa kila mtu ambaye chembe zake nyeupe zimeshuka na sababu haijajulikana. Nalisema hili bila kumnyooshea mtu kidole. Virusi hivi vyenyewe hushusha limfosaiti na nyutrofili, na tiba yake ni kuanza dawa za ARV na kuzimeza kila siku. Virusi vikishatulizwa, uboho nao hupata nafuu.

Dawa huja mara baada ya maambukizi. Dawa ya ARV iitwayo zidovudini, ambayo watu wazima wengi wamekwisha kuiacha lakini bado hutumiwa kwa baadhi ya watoto, hushusha nyutrofili na chembe nyekundu. Septrini ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kufanya hivyo pia. Nakuomba usiache ARV wala Septrini kwa uamuzi wako mwenyewe. Daktari ndiye atakayepima hatari zote mbili na kubadilisha dawa inapobidi. Kabimazoli, inayotumiwa kutibu tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, huweza kwa watu wachache kufuta nyutrofili karibu zote, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, na dalili yake ya kwanza huwa ni koo kuuma pamoja na homa: mtu wa namna hiyo asimeze kidonge kinachofuata, apimwe damu siku hiyohiyo. Methotreksati ya ugonjwa wa viungo humezwa mara moja kwa juma. Nimemwona mzee aliyeimeza kila siku kwa siku kumi kwa kuwa maelezo hayakuandikwa vizuri kwenye bahasha ya dawa, akaja na mdomo uliojaa vidonda na chembe zikiwa zimeporomoka. Chagueni siku moja, kwa mfano Jumapili, na iandikwe kwa herufi kubwa kwenye bahasha. Zipo pia dawa za kifafa kama kabamazepini, dawa ya akili iitwayo klozapini, na antibiotiki iitwayo kloramfenikoli.

Katika kaunti zinazoizunguka Ziwa Viktoria tuna watoto wengi wenye selimundu, na wengi wao sasa hutumia haidroksiyurea, dawa nzuri inayopunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Dawa hiyo hufanya kazi kwa kuutuliza uboho, kwa hiyo kushuka kiasi kwa chembe nyeupe hutarajiwa. Mzazi asiiache kwa kuona mshale wa chini; ahakikishe tu kwamba mtoto anapimwa damu kwa tarehe alizopewa, ili daktari asimamishe dozi kwa muda nambari ikishuka kupita kiasi.

Bandama iliyovimba huzuia chembe za damu ndani yake, za rangi zote. Wavuvi na watoto wanaooga ziwani, kuanzia Dunga hadi Usenge, hupata kichocho, na kichocho cha miaka mingi kisichotibiwa hukaza ini na kuvimbisha bandama. Dawa yake ni prazikwanteli, na inafaa kumezwa mapema, kwa kuwa ini likishakuwa na makovu dawa haiyafuti. Kwa wasomaji wa Nakuru wenye jamaa Baringo, homa ndefu, kukonda na bandama kubwa vinaweza kuwa kalazari, ugonjwa unaoenezwa na usubi wa mchanga huko Marigat na sehemu nyingine kavu. Hospitali za huko zina uzoefu nao, na tiba ya kawaida ni sindano za siku 17. Usipotibiwa huua.

Ukosefu wa vitamini B12 na foliki hushusha chembe nyeupe pamoja na nyekundu, hasa kwa wazee wanaokula ugali na chai tu, na kwa watu wanaokunywa pombe nyingi. Foliki isitolewe peke yake kabla ya kujua hali ya B12, maana damu itaonekana kupona huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika.

Kinachonitia hofu zaidi ni karatasi inayoonyesha mishale mitatu ya chini kwa pamoja: chembe nyeupe, damu nyekundu na chembe sahani. Mtu huyo, hasa akiwa mweupe wa viganja, akivuja damu kwenye ufizi au akiwa na madoa mekundu kwenye ngozi, asirudishwe nyumbani na vidonge vya kuongeza damu. Anahitaji kufika hospitali ya rufaa ndani ya siku moja au mbili, kama vile Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo watu wa Kisumu bado huiita Russia, au Hospitali ya Rufaa ya Moi kule Eldoret, ili uboho wake uchunguzwe. Uchunguzi huo huogopwa kuliko inavyostahili. Mgonjwa hulala ubavu, ngozi iliyo juu ya mfupa wa nyonga nyuma hutiwa ganzi, kisha sindano nene hupenya mfupa na kuvuta uboho kidogo. Kuna kitambo kifupi cha maumivu ya kuvutwa ndani, halafu bandeji, na mtu huenda nyumbani siku hiyo. Hapo ndipo saratani ya damu, au uboho uliokauka usiotengeneza chochote, hujulikana kwa hakika.

Tiba ni ya chanzo

Hakuna dawa moja ya chembe nyeupe zilizopungua. Malaria hutibiwa kama malaria, dawa iliyoleta madhara hubadilishwa, vitamini inayokosekana hurudishwa, na nambari hufuata. Iko sindano iitwayo filgrastimu, inayousukuma uboho utengeneze nyutrofili kwa haraka. Hutumiwa hasa baada ya dozi kali za saratani, ikichomwa chini ya ngozi kila siku kwa siku kadhaa kuanzia siku moja hadi tatu baada ya dozi, na kwa watoto waliozaliwa na uboho usiotengeneza nyutrofili. Mgonjwa wa virusi vya kawaida haihitaji, wala mtu aliyerithi hali ya Duffy.

Ukipewa sindano hizo uende nazo nyumbani, jua kwamba hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 na hazipaswi kuganda wala kutikiswa. Mtu anayesafiri kutoka Kisumu kwenda Bondo kwa matatu azibebe ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana, barafu ikiwa imefungwa kwenye kitambaa ili isiguse sindano moja kwa moja, na asiye na friji azungumze na kituo cha afya kilicho karibu ili wamhifadhie. Maumivu ya mifupa ya kiuno na mapaja baada ya sindano ni jambo la kawaida, na maana yake uboho unafanya kazi.

Kuhusu juisi ya bitiruti, majani ya mwarobaini na chupa za kuongeza kinga, nitasema wazi: hakuna hata kimoja kinachopandisha nyutrofili za mgonjwa wa kemo, yaani anayepewa dawa kali za saratani. Bitiruti ni chakula kizuri na mtu aile akipenda, lakini mwarobaini na mchanganyiko wa mitishamba usiojulikana vinaweza kuliumiza ini au kugongana na dawa, na daktari asipoambiwa hawezi kumsaidia mgonjwa.

Homa kwa mtu anayetibiwa saratani

Baada ya dozi ya tibakemikali, ambayo wengi huiita kemo, nyutrofili huanza kushuka na kufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha hupanda kabla ya dozi inayofuata. Katika siku hizo bakteria wanaoishi mdomoni, tumboni na kwenye ngozi ya mtu mwenyewe hupata njia ya kuingia kwenye damu. Kwa kuwa hakuna nyutrofili za kutosha, hakuna usaha, jeraha halivimbi, na hata nimonia huweza isionekane kwenye picha ya kifua. Mara nyingi homa ndiyo dalili ya pekee, na kati ya homa hiyo na shinikizo la damu kuporomoka panaweza kuwa na saa chache tu.

Kwa hiyo kila nyumba yenye mgonjwa wa kemo iwe na kipimajoto. Cha kidijitali kinatosha. Mpime asubuhi na jioni, na kila anapohisi baridi, kutetemeka au kulegea. Kiwekwe mdomoni, au kwapani ikiwa mdomo una vidonda, mkijua kwamba kwapani husoma chini kidogo kuliko joto halisi. Kamwe kisiwekwe njia ya haja kubwa, wala mgonjwa asipewe enema, kwa sababu mkwaruzo mdogo huko ni mlango wa bakteria. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, ondokeni kwenda hospitali muda huohuo, uwe usiku au mchana. Panadoli isitolewe kabla ya kupima wala isitumiwe kama sababu ya kungoja, maana hushusha joto huku maambukizi yakiendelea. Mgonjwa anayetetemeka, aliyechanganyikiwa au anayepumua kwa shida aondoke hata kama joto halijafika 38.

Nakumbuka baba mmoja wa Ahero, aliyekuwa akitibiwa saratani ya matezi, siku ya kumi baada ya dozi ya pili. Saa tatu usiku kipimajoto kilisoma 38.4. Mkewe alitaka kumpa Panadoli walale, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha na walikuwa na miadi Ijumaa. Binti yao wa kidato cha tatu, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika joto kwenye daftari, alisema, "Mama, sista alisema thelathini na nane tu." Wakamwamsha jirani mwenye gari. Alipofika kwetu damu ilichukuliwa kwa ajili ya kuoteshwa, na antibiotiki ya mshipa ikaanza kuingia kabla majibu ya chembe hayajatoka, kwa maana lengo ni ianze ndani ya saa moja tangu mgonjwa afike. Majibu yalipokuja, nyutrofili zilikuwa 200. Alikaa wodini siku tisa, akatoka kwa miguu yake. Mwezi uleule kijana mwenye ugonjwa kama wake alifika baada ya kungoja siku mbili nyumbani, na hatukuweza kumrudisha.

Mpango wa usiku ufanywe mchana. Mjue ni nani atakayewachukua, fedha za nauli ziwekwe kando, kadi ya hospitali na usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali, viwe mahali pamoja, na nambari ya simu ya wodi ya saratani iwe imeandikwa ukutani kwa kuwa simu huzimika. Mkifika mapokezi msikae kwenye foleni kimya. Mwambieni mtu wa kwanza mtakayemwona kwamba huyu yuko kwenye kemo na ana homa.

Nyumbani katika siku za nambari ndogo

Mikono ioshwe kwa sabuni, ya mgonjwa na ya kila anayemhudumia. Hilo hushinda tahadhari nyingine zote. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Samaki, omena, nyama na mayai viive kabisa. Maziwa yachemshwe, na mursik asiinywe kwa siku hizo. Kachumbari na matunda yaliyokatwa barabarani aviache hadi nambari ipande, lakini ndizi au embe aliloliosha na kulimenya mwenyewe halina neno. Managu, mrenda, kunde, maharagwe, ini lililoiva vizuri na mayai humpa foliki, B12 na protini anazozihitaji; ale anachoweza, kidogo kidogo, hata kama ni uji tu siku mbili za mwanzo.

Atumie mswaki laini na asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi mara nne kwa siku. Asikate vinyama vya kucha. Kuchinja kuku, kusafisha banda na kulima bila glavu na viatu afanyiwe na wengine. Wageni wenye mafua au watoto wenye surua au tetekuwanga wasije, na katika matanga na mikutano yenye msongamano awakilishwe na jamaa. Wazee wetu wataelewa wakielezwa kwa heshima. Hakuna haja ya kumfungia chumbani wala kumnyima kukumbatiwa na watoto wake walio wazima. Chanjo yoyote iulizwe kwanza kwa daktari, kwa sababu zile zenye virusi hai hazimfai kwa wakati huo.

Mwisho, mwandikieni kadi ngumu ya ukubwa wa kitambulisho, ikae kwenye pochi yake au ining'inizwe karibu na kitanda. Iseme hivi: "Ninatibiwa saratani kwa kemo. Dozi ya mwisho nilipewa tarehe fulani. Nikiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, chembe zangu nyeupe huenda ziko chini sana. Tafadhali nichukueni damu na mnianzishie antibiotiki ya mshipa ndani ya saa moja, bila kusubiri majibu." Chini yake iandikwe nambari ya simu ya wodi na majina ya dawa zinazomdhuru kama zipo. Tarehe ya dozi iandikwe kwa penseli, ili ifutwe na kuandikwa upya kila anaporudi kutoka kliniki.